Sauti Iliyoharibika na Jinsi Ilivyopata Bei

Mliodhani blogu hii imekufa, haijafa, ni mitihani tu ilikuwa imetukalia shingoni. Leo siandiki habari za foleni ya kantini wala maji kukatika bwenini. Leo ni historia, na historia yenyewe ni ya vile visanduku vya chuma ambavyo mpiga gitaa la umeme anavikanyaga kwa mguu jukwaani. Wengine wanaviita ifekti, wengine pedali. Mimi nitaandika pedali, na wale ndugu zangu wa Kitivo cha Kiswahili kama wana neno bora zaidi waniletee.

Swali lililonituma maktaba ni hili: inakuwaje mtu mwenye akili zake atoe hela ili sauti safi ya gitaa iharibike? Maana pedali nyingi, tukisema ukweli, kazi yake ni kuharibu. Tena nyingine zinauzwa bei mbaya kweli, na zikizeeka ndiyo zinapanda.

Twende Memphis, Marekani, Machi 1951. Bendi ya Ike Turner iitwayo Kings of Rhythm ilisafiri kwa gari kutoka Mississippi kwenda kurekodi kwa Sam Phillips. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, ikapata dhoruba. Wapo waliosimulia kwamba ilidondoka kutoka juu ya gari, wapo waliosema ilinyeshewa mvua. Walipoiwasha studio, spika inakoroma. Hakukuwa na muda wa kutafuta nyingine, basi Phillips akashindilia karatasi ndani ya spika, wakarekodi hivyohivyo. Wimbo ni Rocket 88, na ulifika namba 1 kwenye chati ya muziki wa watu weusi. Usikilize uone gitaa linavyonguruma chini kama pikipiki mbovu. Sasa cheki mambo: kwenye lebo ya santuri hakuna jina la Kizart, na hata jina la bendi limebadilishwa, wakaandika Jackie Brenston and his Delta Cats, kwa sababu Brenston ndiye aliyeimba. Ike Turner alilalamikia hilo miaka na miaka. Kwa hiyo mtu ambaye gitaa lake lililoharibika watu wengi wanalitaja kati ya ya kwanza kusikika kwenye santuri, anajulikana na wachache tu.

Baada ya hapo watu wakaanza kuharibu kwa makusudi. Link Wray alichukua penseli akatoboa spika ya amplifaya yake, akatoa Rumble mwaka 1958. Rumble haina neno hata moja, ni gitaa tupu, lakini baadhi ya redio Marekani ziliupiga marufuku kwa kuogopa eti utachochea vijana wapigane mitaani! Fikiria, wimbo usio na maneno. Mwaka 1964 huko London kijana Dave Davies wa kundi la The Kinks akachukua wembe akachana spika ya kiamplifaya chake kidogo, na hiyo ndiyo sauti ya You Really Got Me. Wembe na penseli. Tatizo la njia hii mnaliona: ukishachana spika huwezi kuirudisha ikawa safi kwa wimbo unaofuata.

Hapa nisimame kidogo nieleze kinachotokea ndani, maana bila hili mengine hayaeleweki. (Watu wa uhandisi mnaweza kuruka aya hii, au muisome mnikosoe.) Uzi wa gitaa ukitikisika, sumaku iliyo chini yake inatoa mkondo mdogo wa umeme unaopanda na kushuka kama vilima laini. Amplifaya inavikuza vilima hivyo. Lakini kila kifaa kina dari lake. Ukivikuza kupita dari, vilele vinakatwa, vinakuwa bapa kama meza. Kule kukatwa kunazaa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwepo, na hizo ndizo sikio linazisikia kama mkwaruzo. Kuna la pili, na mimi naona ndilo kubwa zaidi. Noti ya gitaa inaanza kufa sekunde ileile uliyoikwanyua. Saksafoni haifi, inadumu kadiri pumzi ya mpigaji inavyodumu. Sasa ukiikuza noti ya gitaa mara nyingi kupita dari, hata ikishuka nusu bado iko juu ya dari, bado inakatwa palepale, na masikio yanasikia nguvu ileile. Kwa maneno mengine gitaa linapata pumzi. Shikeni neno hilo, saksafoni, linarudi sasa hivi.

Nashville, mwishoni mwa 1960. Mwimbaji wa muziki wa kantri Marty Robbins anarekodi Don't Worry, wimbo wa taratibu wa mapenzi. Grady Martin anapiga gitaa la besi la nyuzi sita. Katikati ya wimbo, njia moja ya mtambo wa kurekodia inapata hitilafu, na besi inatoka kama nyuki aliyenaswa kwenye kopo. Wakajadiliana, wakaamua kuiacha. Santuri ilipotoka 1961 ilikaa namba 1 wiki 10 kwenye chati ya kantri. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaanza kusumbuliwa na wasanii wanaotaka sauti ileile, lakini ule mtambo ulikuwa umeshakufa moja kwa moja! Ndipo yeye na mwenzake Revis Hobbs wakakaa chini, wakatengeneza saketi ndogo ya transista inayoiga ule ubovu. Wakaipeleka kampuni ya Gibson, nayo mwaka 1962 ikaitoa kwa jina la Maestro Fuzz-Tone FZ-1. Ndani mna transista 3 za jamani, yaani ile madini inayoitwa germaniamu (msicheke, ndivyo fundi mmoja anavyoitamka), na betri mbili ndogo za volti moja na nusu. Nje kuna vifundo viwili na kitufe cha kukanyaga. Hiyo ndiyo pedali ya kwanza ya aina hii kuuzwa madukani kwa wingi.

Na Gibson waliiuza kama nini? Hawakuiuza kama kifaa cha mkwaruzo. Matangazo yalisema ukiwa nayo gitaa lako litalia kama saksafoni, kama tarumbeta, kama chelo. Maduka yakanunua mzigo mkubwa mwaka wa kwanza, kisha kimyaaa. Mzigo ukabaki kwenye rafu, kwa sababu mwenye kutaka saksafoni alikuwa anamwita mpiga saksafoni.

Mei 1965 Rolling Stones wanarekodi (I Can't Get No) Satisfaction. Keith Richards ana ile riff ya noti tatu kichwani, lakini anaisikia ikipigwa na matarumbeta na saksafoni. Basi akachukua Fuzz-Tone kama kishika nafasi tu, awachoree watu wa tarumbeta watakachopiga baadaye. Wenzake wakasikia wakasema hii imetosha, na santuri ikatoka bila yeye kuipenda. Julai ilikuwa namba 1 Marekani, na kabla mwaka haujaisha zile Fuzz-Tone zilizokuwa zinakula vumbi madukani zikaisha. Halafu utamu wenyewe: mwaka huohuo Otis Redding aliurekodi wimbo huo Memphis, na riff ikapigwa na saksafoni na tarumbeta, kama Keith alivyotaka mwanzo. Sikilizeni zote mbili mfululizo. Mimi ya Otis naipenda zaidi kama wimbo, lakini ukiniuliza ipi ilibadilisha magitaa ya dunia nzima, jibu unalijua.

Mambo ya wa-wa yalikwenda vilevile, tena kwa ubahili. Mwaka 1966 kampuni ya Thomas Organ ya California, waliokuwa wanauza amplifaya za Vox Marekani, walitaka kupunguza gharama. Amplifaya hizo zilikuwa na swichi ya bei ghali ya kubadilisha sauti za kati. Kijana fundi wao, Brad Plunkett, akapewa kazi ya kuweka kifundo cha bei chee badala yake. Alipokuwa anakizungusha huku mtu anapiga gitaa, sauti ikaanza kusema "waa... waa". Wakachukua kanyagio la kinanda lililokuwepo pale kiwandani, wakapachika saketi ndani yake. Kama unataka kuelewa pedali hiyo inavyofanya kazi, tamka "uuu-aaa" polepole bila kukata pumzi. Koo linatoa sauti ileile, kinachobadilika ni umbo la mdomo. Ndivyo hasa ilivyo, mguu ukishuka mdomo unafunguka. Mkubwa wa kampuni lakini akaona hii ni mali ya watu wa tarumbeta, kwa hiyo za mwanzo zikapewa jina la Clyde McCoy, mpiga tarumbeta aliyekuwa maarufu tangu miaka ya 1930 kwa kuziba na kuzibua mdomo wa tarumbeta ili ilie. Zilitoka 1967. Wapiga tarumbeta hawakuwa na haja nazo sana, mikono yao ilishajua kazi hiyo. Wapiga magitaa wakazigombea.

Pale ndipo anapoingia Jimi Hendrix, na hapa nitakaa. Watu wanamsimulia Hendrix kama mchawi, eti sauti zilikuwa kwenye damu. Mimi nasema tuangalie miguu yake. Chini palikuwa na Fuzz Face, pedali ya mviringo iliyotoka London mwaka 1966 kwa Ivor Arbiter. Umbo lake alilitoa kwenye kitako cha stendi ya maikrofoni. Ndani mna transista mbili tu na vikorokoro vichache, mtu wa mwaka wa pili wa umeme anaweza kuziunganisha jioni moja. Palikuwa na wa-wa ya Vox. Na alikuwa na rafiki, Roger Mayer, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi za utafiti wa sauti katika jeshi la majini la Uingereza, ambaye alimtengenezea Octavia, kisanduku kinachoongeza noti ileile kwa oktavu moja juu. Hiyo mnaisikia kwenye solo ya Purple Haze, 1967.

Na ile Fuzz Face ilikuwa na ugonjwa. Transista za germaniamu hazifanani, ukichukua kumi utapata mbili au tatu zenye sauti nzuri, na tena zinabadilika kwa joto. Zikipata joto zinavujisha umeme na sauti inakatikakatika. Mayer amesimulia jinsi walivyokuwa wakizijaribu nyingi ili kuchagua chache zinazofaa. Fikirieni sasa kifaa kama hicho ukipeleke kwenye tamasha la wazi Dar es Salaam mwezi wa Januari, saa nane mchana! Baadaye watengenezaji walihamia transista za silikoni, ambazo hazisumbuliwi sana na joto, ila sauti yake ni kali zaidi, inachoma. Kwa hiyo mtu akikuuzia Fuzz Face leo, swali la kwanza muulize ni germaniamu au silikoni, la pili uliza bei.

Agosti 1969 asubuhi ya Jumatatu, Woodstock, watu wengi wameshaondoka, Hendrix anapanda jukwaani na anapiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa. Mabomu yanasikika, ndege zinasikika, wakati ule vita vya Vietnam vimepamba moto. Safari hii chini palikuwa na kitu kipya kutoka Japani, Uni-Vibe, kilichobuniwa na Fumio Mieda. Ndani yake kuna balbu ndogo inayowaka na kufifia, na imezungukwa na vipande vinne vinavyohisi mwanga. Balbu ikififia sauti inayumba, ikiwaka inayumba upande mwingine. Mieda amesema wazo lilimjia akisikiliza redio ya Moscow usiku, jinsi mawimbi yalivyokuwa yanakuja na kuondoka hewani. Sisi tuliokua tukiwaona babu zetu wakihangaika na redio ya mkulima kutafuta masafa mafupi tunaijua sauti hiyo vizuri sana, ila hakuna aliyefikiria kuiweka kwenye kisanduku.

Mnauliza, na huku kwetu je? Jirani kabisa, Zambia, miaka ya 1970 walikuwa nazo na walizitumia barabara. Muziki wao waliuita Zamrock. Makundi kama WITCH na Amanaz yalichukua ule mkwaruzo na wa-wa, wakachanganya na midundo ya kwao. Sikilizeni Lazy Bones!! ya WITCH au Africa ya Amanaz, zote za 1975. Bei ya shaba ilipoporomoka uchumi wa Zambia ukayumba, na baadaye UKIMWI ukaondoa wanamuziki wengi wa kizazi kile. Karibu WITCH yote ya mwanzo ilikwisha. Mwimbaji wao Jagari Chanda alibaki, akaufufua muziki huo, na mwaka 2023 wakatoa albamu mpya, Zango. Hadithi hii inastahili makala yake.

Lakini kwenye dansi letu na rumba ya Kongo mkwaruzo haukuota mizizi, na hili ndilo lililozua ugomvi kwenye bendi yetu ya bweni. Tuna hela ya pedali moja tu, mchango wa watu watano kutoka kwenye bumu, na mnajua bumu lilivyo. Mpiga solo anataka fuzz. Mpiga rizim anasema kwenye muziki wetu fuzz ni uchafu, eti Wazee walikataa. Nikamwambia wazee hawakukataa bure, wana hoja ya kifundi. Kwenye dansi kuna gitaa mbili au tatu zinazoongea kwa zamu, kila moja na kamstari kake. Noti moja ikipita kwenye fuzz inanona. Noti mbili zikipita pamoja, zinazaa noti nyingine za tatu na nne ambazo hazimo kwenye wimbo, na kodi nzima inageuka uji. Sasa weka gitaa tatu za namna hiyo, sebene yote imezama. Ndiyo maana wapigaji wetu walipenda sauti safi yenye mwangwi kidogo. Ndala Kasheba yeye alitafuta unene wa sauti kwa njia nyingine kabisa, gitaa la nyuzi 12. Kwa hiyo wote wawili wana haki, inategemea unapiga nini. (Mpiga besi alinyamaza muda wote, yeye anataka hela yake irudi.)

Jibu la kati lilitoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya Boss, tawi la Roland, mwaka 1976 ilitoa CE-1, pedali ya kwanza ya korasi, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayopishana kidogo. Mwaka uliofuata wakatoa vile visanduku vidogo vigumu vya rangi rangi, kikiwemo OD-1. Halafu mwaka 1979 hivi Susumu Tamura akabuni Tube Screamer kwa Ibanez, ya kijani. Hizi hazikati vilele kama wembe, zinavibana taratibu, kama amplifaya ya zamani ya taa inavyochoka ukiipandisha. Pia zinapunguza besi na kusukuma sauti za kati, kwa hiyo gitaa linapenya kwenye ngoma bila kupiga kelele. Stevie Ray Vaughan wa Texas aliipenda, na alichofanya wengi hawakijui: hakujaza mkwaruzo. Kifundo cha mkwaruzo chini, cha sauti juu, ili amplifaya yenyewe ndiyo isukumwe. Na mkono wake. Ule mkono hauuzwi Kariakoo.

Mimi kura yangu ni hiyo ya kijani au nakala yake ya bei nafuu, maana ukikipunguza kifundo inakaa vizuri hata kwenye dansi. Zile mashine za pamoja zenye sauti mia kwenye ubao mmoja sizichukii, zinasaidia kujifunza majina, ila nimeona watu wanamaliza mazoezi yote wameinama wanabonyeza.

Mwisho, mambo ya waya, kwa wale mtakaonunua. Ukiwa na pedali kadhaa panga hivi kutoka kwenye gitaa: wa-wa, kisha mkwaruzo, kisha korasi na ndugu zake, mwangwi mwishoni kabisa. Ukiweka mwangwi kabla ya mkwaruzo, kila mwitikio nao unakatwa vilele na unasikia tope. Fuzz Face inapenda kukutana na gitaa moja kwa moja. Ukitanguliza pedali ya Boss, hata ikiwa imezimwa, kifundo cha sauti kwenye gitaa hakiisafishi tena kama kawaida. Na adapta: pedali nyingi ni volti 9 na hasi iko katikati ya plagi, lakini Fuzz Face nyingi za germaniamu zimegeuzwa, chanya ndiyo iko kwenye bodi, kwa hiyo ukizichomeka na nyingine kwenye adapta moja unapiga shoti. Hizo zipe betri yake peke yake, na ukimaliza kupiga chomoa waya wa gitaa, maana usipochomoa betri inaendelea kuliwa usiku kucha.